Seva ya Shule Ikiwa Nyumbani: Usiibadilishie Anwani, Ijengee Mtaa Wake

"Mimi ni mwalimu wa sekondari na ninaishi Kimara. Shule yetu imepata kompyuta 12 zilizokwisha kutumika, na mkuu wa shule ameniomba niandae seva ya Debian Edu, mfumo wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya shule, ili wanafunzi wawe na akaunti zao. Nimeisakinisha nyumbani kwanza, kwa flashi, nijifunze kabla ya kuipeleka shuleni. Usakinishaji haukunipa taabu, lakini seva imejipa anwani 10.0.2.2 ilhali ruta yangu ya nyumbani, ya laini ya simu, ni 192.168.8.1. Seva haina intaneti kabisa. Nimeibadilisha maski ikawa 255.255.255.0 ifanane na ya ruta, hali ikawa ileile au mbaya zaidi. La ajabu ni kwamba tangu niichomeke kwenye ruta, simu za nyumbani zimeanza kukosa intaneti kwa zamu: leo ya mke wangu, kesho ya binti yangu, ingawa alama ya Wi-Fi imejaa. Je, niibadilishe seva iwe 192.168.8 na kitu? Na nikimaliza, nitaweza kuifikia nikiwa shuleni?"

Mwalimu, salamu. Kabla hujaendelea kusoma, inuka uchomoe waya unaotoka kwenye seva kwenda kwenye ruta ya nyumbani, kisha waambie wenye simu zilizokwama wazime Wi-Fi na kuiwasha tena. Intaneti yao itarudi, nawe utasoma yaliyobaki bila kusimamiwa.

Unachokiona kama tatizo moja ni matatizo mawili yaliyoingia nyumbani kwako siku moja. La kwanza ni seva kukosa njia ya kutokea, na hilo ni suala la anwani. La pili ni simu kukatika, nalo halitokani na seva kukosa intaneti hata kidogo. Linatokana na seva kufanya kazi yake vizuri mno mahali pasipo pake. Ukiyatibu kwa dawa moja, kwa kubadilisha namba hapa na pale mpaka kitu kishike, utafika mahali ambapo seva ina intaneti lakini wanafunzi hawawezi kuingia kwenye akaunti zao, na hutajua ni badiliko lipi lililoharibu.

Niondoe kwanza dhana moja. Seva haikujipa anwani kwa kubahatisha, na wala 10.0.2.2 si kosa. Debian Edu ilianzia Norwei mwaka 2001 kwa jina la Skolelinux, na waliouanzisha mradi ule walitaka mwalimu asiye mtaalamu wa mitandao aweze kuweka diski, kujibu maswali machache na kupata mtandao mzima wa shule ulio tayari. Ili hilo liwezekane, ilibidi wauchore mtandao wote mapema: seva kuu iwe 10.0.2.2, lango la kutokea intaneti liwe 10.0.0.1, na maski iwe 255.0.0.0. Hata jina utakaloliona kwenye skrini ya seva, tjener, ni neno la Kinorwe lenye maana hiyohiyo ya seva. Kwa hiyo mashine yako imeamka ikidhani iko shuleni, na inalitafuta lango ililoahidiwa. Haijui kwamba iko sebuleni Kimara.

Namba zinazoanza na 10 ni sehemu ya mafungu matatu ya anwani za ndani yaliyotengwa rasmi mwaka 1996 ili yeyote ayatumie bila kuomba ruhusa: fungu zima la 10, fungu la 172.16 hadi 172.31, na fungu la 192.168. Anwani hizi hazisafiri kwenye intaneti, na ndiyo maana ruta yako ya 192.168.8.1 ina pacha wake katika nyumba nyingi za jiji hili bila yeyote kugongana na mwenzake, kama vile nyumba namba 7 inavyopatikana katika kila mtaa. Fungu la 10 limepita mengine kwa ukubwa, kwa kuwa lina anwani zaidi ya milioni 16. Shule yenye kompyuta 12 haihitaji hata robo ya robo yake, lakini waliobuni mpango huu walitaka nafasi ya kupanga vitu kwa makundi: seva hapa, printa pale, kompyuta za darasani kule.

Sasa tuje kwenye maski, maana hapo ndipo ulipoteleza, na nadhani umeteleza kwa sababu hakuna aliyekueleza kazi yake. Unakumbuka mwaka 2022, wakati wa zoezi la anwani za makazi, nyumba zilipobandikwa vibao vyenye namba na mitaa ikawekewa nguzo za majina? Kibao chenye namba pekee hakikufikishi popote. Ni lazima ujue pia jina la mtaa. Anwani ya IP, yaani hizi namba kama 10.0.2.2, imeviunganisha vyote viwili, mtaa na nyumba, katika mfululizo mmoja wa namba nne, na kazi ya maski ni kuonyesha jina la mtaa linaishia wapi na namba ya nyumba inaanzia wapi. Penye 255 ni mtaa. Penye 0 ni nyumba. Kwa hiyo seva yenye 10.0.2.2 na maski ya 255.0.0.0 inajiambia: mtaa wangu unaitwa 10, na kila mwenye anwani inayoanza na 10 ni jirani yangu. Ruta yako yenye 192.168.8.1 na maski ya 255.255.255.0 inajiambia: mtaa wangu ni 192.168.8, na wote wasioanza na namba hizo tatu ni wageni.

Kila mara seva inapotaka kutuma kitu, hujiuliza swali moja tu: huyu ninayemtumia yuko mtaani kwangu au la? Akiwa mtaani, seva hupaza sauti kwenye waya ili wote wasikie: "Nani mwenye 10.0.0.1?" Mwenye anwani hiyo hujibu kwa kutaja namba ya kadi yake ya mtandao, na mazungumzo huanza. Ni sawa na zamani, kabla ya vibao, tulipokuwa tukishuka kituoni na kumuuliza muuza mihogo nyumba ya Mama fulani iko wapi. Akiwa nje ya mtaa, seva haihangaiki kumwita. Hukabidhi mzigo kwa lango, na lango ndilo lijue la kufanya. Lakini lango lenyewe ni lazima liwe ndani ya mtaa, kwa sababu nalo huitwa kwa sauti ileile. Nyumbani kwako hakuna mwenye 10.0.0.1. Seva inaita, hakuna anayeitika, na baada ya sekunde chache inaripoti kwamba haikumfikia mlengwa. Ruta yako imo kwenye waya huohuo, inasikia mwito, ila si yeye anayeitwa.

Ulipobadilisha maski kuwa 255.255.255.0, uliufupisha mtaa wa seva. Mtaa haukuwa tena 10, bali 10.0.2. Sasa lilinganishe hilo na lango lake, 10.0.0.1: mtaa wake ni 10.0.0. Seva ikajikuta imeambiwa kwamba mlango wa kutokea nyumbani kwake uko kwenye mtaa wa pili, ambao hauwezi kuufikia bila kwanza kutoka nje. Linux hulikataa lango la namna hiyo moja kwa moja, na ndiyo maana badala ya kungoja kidogo na kukata tamaa, sasa inasema papo hapo kwamba mtandao haufikiki. Rudisha 255.0.0.0. Maski haifananishwi na ya ruta kwa ajili ya kupendeza. Hufuata mtaa ambamo mashine inakaa, na mashine zote za mtaa mmoja zikubaliane.

Sasa simu. Kila simu inapoingia kwenye Wi-Fi haina anwani, kwa hiyo nayo hupaza sauti: "Mimi mgeni, nani atanipa anwani?" Huduma inayojibu mwito huu huitwa DHCP, na ruta ya nyumbani imekuja nayo. Tatizo ni kwamba seva kuu ya Debian Edu nayo imekuja nayo, kwa sababu shuleni yeye ndiye mwenye wajibu wa kuzigawia kompyuta anwani, kuzielekeza kwenye lango na kuzitajia seva ya majina, yaani ile inayotafsiri majina kuwa anwani. Ulipoziunganisha kwa waya mmoja, nyumba ikawa na wagawaji wawili. Simu haina namna ya kujua yupi ni halali. Kwa kawaida hushika jibu la kwanza kufika. Ruta ikiwahi, binti anaendelea na video zake. Seva ikiwahi, simu inapewa anwani inayoanza na 10 na kuambiwa lango ni 10.0.0.1, lango lilelile lisilokuwapo. Alama ya Wi-Fi inajaa kwa sababu mawimbi hayana kasoro. Kinachokosekana ni mlango. Na kwa kuwa mashindano haya hurudiwa kila simu inapotoka nyumbani asubuhi na kurejea jioni, mwathirika wa leo si wa kesho. Hakuna uchawi, ingawa naelewa mtu kuuwaza.

Nilishawahi kuyaona haya nyumbani kwangu Tabata, na sikuyatambua upesi kama ninavyoyaeleza sasa. Mpwa wangu alikuja na simu akisema Wi-Fi imejaa lakini haifungui chochote. Nililaumu bando, nikanunua jingine, nikalaumu kampuni ya simu, nikazima na kuwasha ruta mara tatu. Baada ya saa nzima na zaidi ndipo nilipofungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu yenyewe, nikabonyeza jina la mtandao, nikasoma anwani iliyopewa. Ilianza na 10. Seva niliyokuwa nikiijaribu ilikuwa chini ya meza, imetulia, inagawa anwani kwa ukarimu. Simu ikikwama tena siku nyingine, fanya hivyohivyo kabla hujazima Wi-Fi, ujionee kwa macho yako.

Umeniuliza kama uibadilishe seva iwe 192.168.8 na kitu. Jibu langu ni hapana, na nitalieleza kwa kirefu, maana ndilo shauri utakalopewa na karibu kila fundi utakayemuuliza, na kwa kompyuta ya kawaida angekuwa sahihi. Kompyuta ya kawaida ina anwani sehemu moja. Seva kuu ya Debian Edu imeandika anwani yake, au ya mtaa wake, katika sehemu nyingi: kwenye seva ya majina inayotafsiri tjener kuwa 10.0.2.2, kwenye huduma ya DHCP, kwenye orodha ya nani anaruhusiwa kufikia mafaili ya wanafunzi, kwenye wakala wa kurasa za wavuti, kwenye huduma ya printa. Ukibadilisha kadi ya mtandao pekee, seva itakuwa imehama nyumba bila kuwaambia watumishi wake. Kompyuta ya mwanafunzi itauliza tjener ni nani, itajibiwa 10.0.2.2, itakwenda pale na kukuta hakuna mtu. Mwanafunzi ataandika jina na nywila sahihi na atakataliwa, na wewe utashinda ukikagua nywila.

Si kwamba haiwezekani. Waundaji wameweka programu ndogo ya kufanya mageuzi haya yote kwa pamoja, nayo iko kwenye seva yako katika /usr/share/debian-edu-config/tools/subnet-change. Kama ungekuwa na sababu ya kudumu ya kuhama fungu la 10, kwa mfano shule yenye mtandao mwingine unaotumia fungu hilo na usioweza kuguswa, ningekuambia uitumie, mapema, kabla ya kuandikisha hata mwanafunzi mmoja, na baada ya kuweka nakala rudufu. Lakini wewe unajaribu tu nyumbani, na baada ya mwezi au miwili seva itahamia shuleni. Kuibadilisha sasa kwa ajili ya ruta ya sebuleni ni kuibomoa nyumba ili kabati lipite mlangoni, kisha kuijenga upya kabati likishatoka.

Njia ya pili ni kuibadilisha ruta badala ya seva: uipe ruta ya nyumbani anwani 10.0.0.1, maski 255.0.0.0, kisha uzime DHCP yake ili seva ibaki mgawaji pekee. Kitabuni ni njia safi, na ndivyo mtandao wa shule unavyotakiwa uwe. Kwa nyumba yako siipendi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kifamilia: umeme ukikatika, au ukiizima seva usiku kwa ajili ya kelele za feni, hakuna simu itakayopata anwani, na nyumba nzima itakuwa imefungamanishwa na majaribio yako. Ya pili ni ya kiufundi, na hukosewa hata na mafundi wazuri. Ruta ya laini ya simu nayo hupewa anwani na kampuni ya simu, na mara nyingi anwani hiyo ni ya ndani, wakati mwingine inayoanza na 10. Fungua ukurasa wa hali ya ruta uangalie. Ukikuta upande wa laini kuna 10 na kitu, kisha wewe ukaupa upande wa nyumbani mtaa mzima wa 10, ruta itakuwa na mtaa mmoja mbele na nyuma yake, na haitajua mzigo wa 10 uelekee wapi. Matokeo yake ni intaneti inayoshika baadhi ya vitu na kuacha vingine, na hakuna hitilafu inayochosha kama hiyo.

Ninayokushauri ni njia ya tatu: seva uijengee mtaa wake, wenye lango lake, na lango hilo ndilo liguse mtandao wa nyumbani. Unahitaji ruta ndogo ya pili yenye tundu la WAN, yaani lile tundu la kupokea intaneti kutoka nje, lenye rangi tofauti au lililoandikwa hivyo. Huenda unayo kabatini. La sivyo zimejaa Kariakoo, mpya na zilizotumika. Usinunue ile ya zamani inayochomekwa waya wa simu ya mezani, kwa kuwa nyingi za aina hiyo hazina WAN ya kebo ya kawaida. Na kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe, ufungue mipangilio yake kwa simu yako, uone kama sehemu ya maski inakubali kuandikwa 255.0.0.0. Baadhi ya ruta za bei nafuu hung'ang'ania 255.255.255.0 na kukataa nyingine zote, na hiyo haitakufaa: seva ingeliona lango, lakini lango, likiwa linajiona liko mtaa wa 10.0.0, lingeitupa nje kila barua ya kurudi kwa 10.0.2.2. Utaona mawasiliano ya upande mmoja, taa zinawaka, na hakuna kinachofika. Ikikataa 255.0.0.0 lakini ikakubali 255.255.0.0, chukua, kwa majaribio inatosha, mradi kompyuta zako zote zimepewa anwani zinazoanza na 10.0. Kama una ujasiri wa kubadilisha programu ya ndani ya ruta, OpenWrt ni ya bure na hukubali maski yoyote, ila hakikisha kwanza kwamba modeli yako imo kwenye orodha yake.

Utaratibu wa kuipanga una mtego mmoja tu, nao ni mpangilio wa hatua. Ichukue ruta ndogo ikiwa peke yake, bila kuiunganisha na kitu kingine ila kompyuta yako ya mkononi kwa waya. Anza na anwani ya upande wa ndani: 10.0.0.1, na maski yake. Ruta itajiwasha upya na ukurasa utapotea. Usishtuke, uite tena kwa anwani mpya kwenye kivinjari. Ndipo uzime DHCP yake. Ukianza kwa kuizima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, utajikuta huna anwani na huna namna rahisi ya kurudi ndani, na utalazimika kuiminya ile nukta ya kurejesha hali ya kiwandani kwa sindano. Upande wa WAN uache upokee anwani yenyewe, kwa kuwa huko itaipata kutoka kwenye ruta ya nyumbani, kitu kama 192.168.8.120. Wi-Fi ya ruta hii izime, au iite jina lisilofanana na la nyumbani, mtu asiingie kwa bahati mbaya. Nywila ya kiwandani nayo ibadilishe, uweke yako.

Sasa waya. Kutoka ruta ya nyumbani, waya mmoja uende kwenye tundu la WAN la ruta ndogo. Kutoka matundu ya kawaida ya ruta ndogo, waya uende kwenye seva, na mwingine kwenye kompyuta moja ya kujaribia, au, kama una zaidi, kwenye swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganisha mashine nyingi kwa waya. Angalia mara mbili kwamba ule waya wa kutoka sebuleni umeingia WAN. Ukiuchomeka kwenye tundu la kawaida utakuwa umeiunganisha mitaa miwili kuwa mmoja, DHCP ya seva itamwagika tena nyumbani, na utarudi palepale tulipoanzia. Lile la Tabata nililokueleza lilitokea kwa njia hii hasa, kwa waya uliosogea tundu moja upande wa kushoto.

Ukishaunganisha, usikimbilie kufungua tovuti. Kaa mbele ya seva, andika ip addr, uhakikishe kadi yako ina 10.0.2.2/8. Hiyo 8 ni namna nyingine fupi ya kuandika 255.0.0.0, kwa hiyo ukiona 24 ujue lile badiliko lako la zamani bado lipo. Andika ip route, uone mstari unaoanza na default ukitaja 10.0.0.1. Kisha piga hodi kwa mpangilio, kutoka karibu kwenda mbali: ping 10.0.0.1, ambayo ni ruta ndogo, ping 192.168.8.1, ruta ya nyumbani, ping 8.8.8.8, ambayo iko nje kwenye intaneti. Na mwisho ping debian.org, ambayo hupima kama majina yanatafsiriwa. Mahali hodi inapokosa jibu kwa mara ya kwanza ndipo penye kasoro, na huna haja ya kugusa kitu kingine chochote. Ya tatu ikijibu na ya nne ikakataa, anwani zako ni nzima na shida iko kwenye seva ya majina. Ya kwanza ikikataa, tazama waya kabla ya kutazama mafaili.

Watakuambia kwamba kuwa na ruta mbili zinazofuatana ni vibaya, kwa sababu anwani hubadilishwa mara mbili njiani. Kwa masasisho, kurasa za wavuti na barua pepe hutaona tofauti. Ubaya wake huonekana pale mtu wa nje anapotaka kuingia ndani, na hilo linanileta kwenye swali lako la mwisho.

Kuifikia seva ya Kimara ukiwa shuleni: kwa laini ya simu ya kawaida, usitegemee. Kampuni za simu hazina anwani za kutosha kumpa kila mteja ya kwake, kwa hiyo huwaweka wengi nyuma ya anwani moja, na tangu mwaka 2012 kuna fungu lililotengwa kwa kazi hiyo hasa, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ukiona mojawapo kwenye ukurasa wa hali ya ruta, au ile 10 niliyoitaja, ina maana intaneti haiwezi kukupigia hodi hata ungefungua milango yote ya ruta zako mbili. Nami nasema afadhali. Seva yenye majina na nywila za watoto haipaswi kufunguliwa kwa dunia na mtu anayejifunza, awe mwalimu au mhandisi. Ukihitaji sana kuifanyia kazi kwa mbali, hiyo ni mada ya kupitisha njia iliyofichwa kwa usimbaji, na ningependa uifanye ukiwa na mtu aliyekwisha kuifanya.

Jambo jingine la kupitia haraka: kama seva yako ina kadi mbili za mtandao na ulichagua kuhudumia kompyuta zisizo na diski, kadi ya pili hupewa 192.168.0.254. Kama siku moja utabadilisha ruta ya nyumbani na mpya ikawa ya mtaa wa 192.168.0, upande wa WAN wa ruta ndogo utaangukia mtaa uleule ambao seva inaujua kuwa wake, na seva haitaweza kuifikia ruta ya nyumbani kwa anwani yake. Ibadilishe ruta ya nyumbani iwe 192.168.8 au 192.168.20. Seva usiiguse.

Kuna wakati wa kuacha kusoma na kumwita mtu aje. Kama shuleni tayari kuna mtandao uliowekwa na mtu mwingine, kwa ajili ya ofisi ya mhasibu au kwa mradi fulani, usichomeke seva humo kabla ya kukaa na aliyeuweka au fundi atakayeuchunguza, kwa sababu yaliyozipata simu za nyumbani yatazipata kompyuta za ofisi, na huko hutasamehewa kwa kicheko. Kama kebo zinatakiwa kuvuka kutoka jengo moja hadi jingine, mwite fundi wa mitandao anayejua pia habari za umeme na radi. Na kama seva itabeba alama za mitihani, mtu mwenye uzoefu aikague kabla haijaanza kutumika. Vijana waliosomea mitandao DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), au pale CoICT Kijitonyama, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wapo wanaoifahamu Linux vizuri. Mwonyeshe karatasi uliyoandika anwani zote, naye ataelewa kwa dakika tano kile ambacho bila karatasi kingemchukua siku.

Siku ya kuhamia shuleni, ruta ndogo usiiache nyumbani. Ifunge pamoja na seva, kwa sababu lango la 10.0.0.1 ni lake. Shuleni utachomeka WAN yake kwenye intaneti ya shule, baada ya kuhakikisha kwamba huko nako hakuna mtaa wa 10, kisha utawasha kwa mpangilio: ruta, swichi, seva, na baada ya seva kutulia, kompyuta moja tu kwanza. Ikikubali mwanafunzi mmoja wa majaribio kuingia na kuhifadhi faili, ndipo uwashe zile 11 zilizobaki.